Kwa nini faili lilisema Kigoma iko mita sifuri

Ukisimama Kibirizi asubuhi, maboti ya kwenda Burundi yakiwa yanapakiwa, kuna jambo ambalo halihitaji kupimwa: maji yamelala sawa mpaka macho yanapoishia. Ziwa Tanganyika liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, na kutoka ufukweni ardhi inapanda tu, stesheni ya reli, kisha Mwanga, kisha vilima vya nyuma. Kwa hiyo kijana aliyenijia jioni moja na kompyuta mpakato kwapani alijua kabisa kwamba kuna kitu kimeharibika. Programu yake ya C ilikuwa imemwambia kuwa mji wa Kigoma uko mita sifuri.

"Shikamoo mwalimu," alisema. "Nimeipitia mara kumi. Kompaila hailalamiki hata kidogo."

Kompaila, yaani programu inayotafsiri C kwenda lugha ya mashine, inakagua sarufi ya programu. Haijui chochote kuhusu faili utakalofungua baadaye, na hapo ndipo ugumu wa mafaili ya binari unapoanzia. Makosa yake hayapigi kelele. Programu inaanza, inamaliza, inakupa namba, na namba ni ya uongo. Nataka kuyaeleza makosa hayo kwa mpangilio uleule tuliokutana nayo jioni ile, kwa sababu lile la kwanza lilificha la pili, na la pili likaficha la tatu.

Kwanza faili lenyewe. Baada ya maji ya ziwa kupanda miaka ya karibuni na kuingia kwenye nyumba na biashara za watu wa ufukweni, kijana huyu alitaka kuchora ramani ya miinuko ya pwani ya Kigoma. Alipakua vipimo ambavyo Marekani hugawa bure. Vilichukuliwa kwa rada na chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000, katika safari ya siku 11. Dunia imegawanywa vipande vya digrii moja kwa digrii moja, na kila kipande kina faili lake lililopewa jina la kona yake ya kusini magharibi. Mji wa Kigoma uko karibu na latitudo 4.88 kusini na longitudo 29.63 mashariki, kwa hiyo umo ndani ya S05E029.hgt. Tabora imepita kidogo latitudo 5 kwenda kusini, basi kona yake ni ya 6 na faili lake ni S06E032.hgt. Wengi hupakua S05 kwa ajili ya Tabora, kisha hushinda siku nzima wakitafuta kosa kwenye programu isiyo na kosa.

Ndani ya faili hilo hamna kichwa cha habari, hamna jina, hamna tarehe. Ni namba tupu: mistari 1201, kila mstari una namba 1201, mstari wa kwanza ukiwa wa kaskazini kabisa, na kila namba ni mwinuko kwa mita uliowekwa katika baiti mbili, na baiti moja hubeba namba kuanzia 0 hadi 255. Hii ndiyo tofauti yake na faili la maandishi. Ukiandika 1200 kwa maandishi unatumia baiti nne, moja kwa kila tarakimu: 49, 50, 48, 48. Katika faili la binari, 1200 ni baiti mbili tu, 4 na 176, maana 4 mara 256 ukiongeza 176 unapata 1200. Hakuna nafasi wala mkato wala mwisho wa mstari unaotenganisha namba na namba. Anayesoma ndiye anayepaswa kujua wapi inaanza na wapi inaishia, na akikosea kwa baiti moja, hakuna wa kumshtua.

Hii hapa programu yake kama alivyoiandika siku ya kwanza:

```c
#include <stdio.h>

int main(void)
{
    short kimo[1201][1201];
    FILE *f = fopen("S05E029.hgt", "r");
    fread(kimo, 2, 1201 * 1201, f);
    printf("%d\n", kimo[1052][752]);
    fclose(f);
    return 0;
}
```

Namba 1052 na 752 ni sahihi. Kutoka ukingo wa kaskazini, latitudo 4, mpaka 4.877 ni hatua 1052 kwa kuwa kila digrii ina hatua 1200. Na kutoka longitudo 29 mpaka 29.627 ni hatua 752. Hesabu ya mahali aliifanya vizuri kuliko watu wengi ninaowafahamu. Matatizo yalikuwa kwenye yale mengine.

Kabla sijagusa mstari wowote wa programu, nilimwomba anionyeshe ukubwa wa faili. Ushauri huu nautoa kila mara na kila mara watu huuruka. Namba 1201 mara 1201 mara baiti mbili ni baiti 2,884,802 kamili, si pungufu wala zaidi. Faili likiwa na baiti 25,934,402, hilo ni la aina yenye vipimo vya karibukaribu zaidi, 3601 kwa 3601, na programu iliyoandikwa kwa 1201 italisoma bila kulalamika na kukupa takataka. Likiwa dogo kuliko baiti 2,884,802, angalia baiti zake za mwanzo. Kwenye Linux amri ni hii:

```
od -A d -t x1 -N 16 S05E029.hgt
```

Kwenye Windows, PowerShell ina Format-Hex. Ukiona faili linaanza na 50 4b, hilo bado ni zipu, halijafunguliwa. Likianza na 3c, ambayo ni alama ya <, basi ulichopakua ni ukurasa wa tovuti, mara nyingi ule wa kukuomba nywila, uliohifadhiwa kwa jina la faili ulilolitaka. Nimeona mtu akiandika upya programu yake mara tatu ili isome miinuko kutoka kwenye ukurasa wa kuingilia. Faili la kijana wetu lilikuwa na ukubwa sahihi, kwa hiyo sasa tulikuwa na haki ya kuishuku programu.

Siku ya kwanza, alinisimulia, programu haikutoa hata namba. Ilikufa papo hapo. Safu ya kimo, yaani jedwali la namba zote, iliyotangazwa ndani ya main hukaa kwenye sehemu ya kumbukumbu iitwayo steki, na safu hii inataka karibu megabaiti 3. Kwenye Windows programu kwa kawaida hupewa steki ya megabaiti 1 au 2. Kwenye Linux kawaida ni 8, kwa hiyo programu ileile kwa rafiki yake ilikwenda vizuri, naye akaamini kompyuta yake ni mbovu. Alipoongeza neno static mbele ya safu, ikahamishwa kutoka kwenye steki, na programu ikaacha kufa. Hapo ndipo sifuri ilipojitokeza.

Sifuri haikutoka kwenye faili. Safu ya static huanza ikiwa imejazwa sifuri, na nafasi ya mji wa Kigoma ilikuwa haijaguswa kabisa. Fread, ile amri ya kusoma faili, ilikuwa imesimama mapema, tena ilikuwa imesema hivyo, ila hakuna aliyeisikiliza: hurudisha idadi ya vitu ilivyofanikiwa kusoma, na kijana alikuwa ameitupa idadi hiyo. Tuliipokea kwenye kigeu na kuichapa. Badala ya 1,442,401 tukapata idadi ndogo ambayo haikufika hata mbali kutoka ukingo wa kaskazini.

Kilichoisimamisha ni ile "r". Kwenye Windows, faili likifunguliwa kwa "r" peke yake hufunguliwa kama maandishi, na maandishi yana desturi zake za tangu zamani. Ya kwanza: baiti 13 ikifuatwa na 10 inahesabiwa kuwa mwisho wa mstari, basi ile 13 inaondolewa. Ya pili: baiti 26 inahesabiwa kuwa mwisho wa faili. Sasa fikiria mwinuko wa mita 794, hatua chache tu juu ya ziwa letu. Ni 3 mara 256 ukiongeza 26. Mita 1050 nayo inaishia na 26, vilevile 1306, vilevile 1562. Katika nchi ya vilima kama hii, kutoka ukingo wa ziwa mpaka milima ya kusini mwa Burundi, huwezi kwenda mbali bila kukanyaga moja ya miinuko hiyo. Programu ilipokanyaga wa kwanza, ikaamini faili limekwisha.

Dawa ni herufi moja, "rb". Kwenye Linux herufi hiyo haibadilishi chochote, ndiyo maana walimu wanaofundishia Linux huisahau na wanafunzi wenye Windows huumia. Iandike popote ulipo. Na kama baiti 13 imeliwa katikati, dalili yake ni nyingine: mpaka mahali fulani ramani ni nzuri, kisha kila kitu kinaharibika hadi mwisho, kwa sababu jozi za baiti zimeteleza na nusu ya namba moja inasomwa pamoja na nusu ya jirani yake.

Tulipoweka "rb", fread ikarudisha 1,442,401. Kijana akafurahi. Akachapa mwinuko wa mji, kisha wa sehemu ya ziwa, na maji yakatoka juu ya mita elfu moja.

Kosa hili ninalihofia kuliko yote, kwa kuwa lilitoa namba inayoweza kuaminika. Sifuri ilimshtua. Mita elfu moja na kitu, mtu asiyeijua Kigoma angeichora kwenye ramani na kuipeleka ofisini.

Chanzo chake ni mpangilio wa baiti. Kiswahili tulilichukua neno ishirini kutoka Kiarabu, lakini Mwarabu akitaka 23 husema tatu na ishirini, sisi tunasema ishirini na tatu. Namba ni ileile, sehemu zake ni zilezile, kinachotofautiana ni ipi inatangulia. Kompyuta nazo ziko hivyo. Vipimo hivi viliandikwa baiti kubwa ikiwa mbele. Kompyuta za mezani na mpakato tunazotumia, na simu zetu pia, hutegemea baiti ndogo iwe mbele. Kama maji yako mita 773, faili lina 3 kisha 5. Kompyuta ikiigeuza inasoma 5 mara 256 ukiongeza 3, yaani 1283. Mita 774 inakuwa 1539. Mita 775 inakuwa 1795. Mita moja ya kweli imekuwa mita 256 za uongo, na hiyo ndiyo alama ya kuitafuta: majirani wanaopishana kwa 256 au kwa mafungu yake. Tabora wangeligundua mara moja. Mita 1200 ikigeuzwa inatoka -20476, mji mzima umezikwa kilomita 20 chini ya bahari. Kigoma tulikuwa na bahati mbaya ya kupata namba zenye sura nzuri.

Kuna wanaorekebisha kwa kusoma namba kwanza kisha kuzigeuza baiti. Inafanya kazi, mpaka programu ihamie kwenye mashine yenye desturi nyingine. Mimi napendelea kusoma baiti zenyewe na kujenga namba kwa hesabu, kwa sababu 4 mara 256 ukiongeza 176 ni 1200 kwenye kila mashine duniani. Tuliandika upya:

```c
#include <stdio.h>

#define UPANDE 1201

static unsigned char baiti[UPANDE * UPANDE * 2];

int mwinuko(int mstari, int nafasi)
{
    const unsigned char *b = baiti + (mstari * UPANDE + nafasi) * 2;
    int m = b[0] * 256 + b[1];
    if (m > 32767)
        m -= 65536;
    return m;
}

int main(void)
{
    FILE *f = fopen("S05E029.hgt", "rb");
    if (f == NULL) {
        perror("S05E029.hgt");
        return 1;
    }
    size_t n = fread(baiti, 1, sizeof baiti, f);
    if (n != sizeof baiti) {
        if (ferror(f))
            perror("kusoma");
        else
            fprintf(stderr, "faili limeishia baiti ya %zu\n", n);
        fclose(f);
        return 1;
    }
    fclose(f);
    printf("%d\n", mwinuko(1052, 752));
    return 0;
}
```

Neno unsigned halipo pale kwa mapambo. Char ya kawaida kwenye kompyuta nyingi hubeba namba kuanzia -128 hadi 127, kwa hiyo 176 inageuka -80, na mita 1200 inakuwa 944. Kila mwinuko ambao baiti yake ya pili imefika 128 au kuvuka hapo unashuka mita 256, ule usiofika unabaki ulivyo, na ramani inatoka na mashimo yenye kingo zilizokatwa kama kwa kisu. Ile hatua ya kutoa 65536 inarudisha namba hasi mahali pake. Utaihitaji hata kwenye nchi isiyo na bonde chini ya bahari, maana sehemu ambazo rada haikupata jibu zimeandikwa -32768. Ukizijumlisha kwenye wastani wako bila kuziondoa, hata vilima vya Kigoma vitazama.

Kwenye fread nimeweka ukubwa 1 na idadi ya baiti zote. Ukivigeuza, ukaomba kitu kimoja chenye ukubwa wa faili zima, itakujibu 1 au 0 tu, nawe hutajua kama ilikwama mwanzoni au ilibakiza baiti moja. Nayo perror inakwambia kwa nini faili halikufunguka, mara nyingi ni kwamba programu inaendeshwa kutoka folda nyingine, au Windows imeficha ".txt" iliyojipachika mwishoni mwa jina.

Kijana alikuwa pia na toleo la pili, lililosoma baiti moja moja kwa fgetc na kuziweka kwenye char, likiendelea mpaka likutane na EOF, alama ya mwisho wa faili. Kwenye mpakato lilikuwa linaishia katikati. Kwenye simu yake halikuisha kabisa mpaka chaji ikapungua. Sababu ni moja. EOF kwa kawaida ni -1, na fgetc hurudisha int makusudi ili EOF isichanganyike na baiti halali. Ukiibana ndani ya char yenye alama, yaani inayobeba namba hasi pia, baiti 255 nayo inakuwa -1, na faili linaonekana limekwisha kwenye mita 1023 au 1279, ambazo zote huishia na 255. Kwenye simu za Android zenye prosesa ya ARM, char haina alama, kwa hiyo EOF yenyewe inageuka 255, haifanani tena na -1, na mzunguko hauna pa kusimamia. Tangaza kigeu hicho kuwa int, yote mawili yanakwisha.

Karibu na hilo kuna while (!feof(f)). Feof haitabiri. Inakuwa kweli baada ya jaribio la kusoma kushindwa, kwa hiyo mzunguko wa namna hiyo huzunguka mara moja zaidi na rekodi ya mwisho hutokea mara mbili. Acha jibu la fread ndilo liamue mzunguko uendelee au usimame.

Kwa anayehifadhi rekodi zake mwenyewe, tuseme mzigo wa dagaa unaopokelewa mwaloni, kuna mtego mwingine. Strakti, yaani rekodi inayofunga pamoja sehemu za aina mbalimbali, ikiwa na char, int na short ina baiti 7 kwa hesabu ya vidole, lakini sizeof kwa kawaida itakwambia 12, kwa kuwa kompaila huacha mapengo ili int ikae kwenye anwani inayogawanyika kwa nne. Ukiandika strakti nzima kwa fwrite, mapengo yanaingia kwenye faili pamoja na mzigo. Programu nyingine inayotarajia 7 itateleza tangu rekodi ya kwanza. Andika kila sehemu peke yake, usome kila sehemu peke yake.

Turudi kwenye ramani. Hata fread ikirudisha idadi kamili na baiti zikiwa zimepangwa sawa, bado sikuamini, na nilimfundisha kijana naye asiamini. Kompyuta haiwezi kukwambia kama namba ni za kweli, ila ziwa linaweza. Katika toleo lililosafishwa la vipimo hivi, maziwa makubwa yamesawazishwa, kwa hiyo ukichapa mstari unaokatiza maji lazima uone namba ileile ikijirudia mamia ya mara, kisha ianze kupanda ufikapo nchi kavu upande wa mashariki. Tulifanya hivyo. Maji yalilala sawa. Kisha kwa kusudi nikabadilisha UPANDE kuwa 1200, kosa ambalo watu hulifanya kwa sababu digrii moja ina hatua 1200 na wanasahau kuwa hatua 1200 zina nukta 1201. Kila mstari ukateleza nukta moja kutoka ule uliotangulia, na pwani ya Kigoma ikalala mshazari kama mwandiko. Nilitaka aione sura hiyo mara moja ili akikutana nayo tena aitambue.

Lipo jambo ambalo hakuna programu itakalolirekebisha, na ilinibidi nimwambie ingawa lilimuumiza. Vipimo hivi viko kwa mita nzima, na lengo la waliovipima lilikuwa kosa lisizidi mita 16. Maji yaliyoingia kwenye nyumba za watu hayakuhitaji kupanda mita 16. Kwa ramani ya sura ya nchi vinatosha sana. Kwa kuamua nyumba ipi itafikiwa na maji havitoshi, na kumwambia mzee mwenye nyumba ufukweni kwamba yuko salama kwa kutegemea faili hili ni kumdanganya. Alinyamaza kidogo, kisha akasema basi ataanza na mabonde na njia za mito, ambako tofauti ni za makumi ya mita.

Mito haifuati mipaka ya mafaili, kwa hiyo alihitaji kipande cha mashariki pia, S05E030, chenye Kasulu. Vipande jirani hushirikiana ukingo: namba ya mwisho ya kila mstari wa S05E029 ni namba ileile ya kwanza ya mstari huohuo wa S05E030. Aliandika mzunguko wa kutoa moja kwa nyingine, mistari yote 1201, na kuchapa tofauti. Safari hii sifuri zikajaza kioo kutoka juu hadi chini, na zote zilikuwa za kweli.